Mbuzi wa Ntheo na Msalaba wa Muhugu

Wamunyu,
11 Februari 2024

Kwa Kamene, mwanangu mwenye jina la mama yangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi ni wazima, ila mama yako mdogo Wayua goti linamsumbua kila wingu linapojikusanya, na sasa majirani wanamuuliza yeye habari za mvua badala ya kusikiliza redio. Kunde zimeota vizuri. Mimi nachonga twiga kama kawaida, kwa maana dunia haijachoka na twiga. Tangu nihame Shauri Moyo huko Nairobi kifua changu kimepona vumbi la Gikomba, ila usiku masikio yananiuliza zile kelele zilikwenda wapi.

Barua hii utaletewa na Mbaluka, yule dereva anayebeba vinyago vyetu kwenda sokoni Gikomba. Nimeamua kuandika kwa sababu simu ya mwisho nilikukatia, na kabla ya kukukatia nilikuwa nimepaza sauti mpaka kuku wakatawanyika. Karatasi haimkatizi mtu. Basi tuandikiane.

Sasa jambo lenyewe. Nimesikia kwamba Mulama, huyo fundi wa friji, anataka kuleta mbuzi wa ntheo ili akuoe. Ndugu yangu, baba yako, hayupo, kwa hiyo wa kuwapokea ni mimi. Unajua kwetu Ukambani bila mbuzi hao wewe ni mgeni tu katika nyumba ya watu, hata mkizaa mkajukuu. Na Mulama sina neno naye. Ni Mluhya, lakini watu wanaoheshimu kuku vile hawawezi kuwa wabaya.

Neno langu ni kanisa lenu. Mchungaji wetu Phares ametufundisha juu ya Wamormoni Jumapili kadhaa. Anasema mna Mungu mwenye mwili wa nyama na mifupa, na mna nabii anayeishi leo, anayekula na kulala. Mimi ni mzee wa kanisa na mwalimu wa darasa la Biblia. Siwezi kupokea mbuzi kutoka kwa watu nisiowaelewa. Nijibu: Mungu wenu ana mwili? Na huyo nabii ametoka wapi wakati manabii walikwisha? Nikiridhika, mbuzi waje. Nisiporidhika, waendelee kula nyasi zao huko Kakamega.

Tena nasikia hamnywi chai. Hili ni swali la Wayua. Anataka kujua chai ilimkosea Mungu nini.

Ni mimi baba yako mdogo,
Ngui


Umoja,
3 Machi 2024

Kwa Baba Mdogo Ngui,

Shikamoo, na umpe mama mdogo pole ya goti. Huku niko salama. Mwenye nyumba anaongeza ghorofa juu yetu, kwa hiyo naamshwa na nyundo na kulazwa na nyundo. Kazini Mowlem bado nauza misumari na rangi, na mwenye duka bado anamwita kila mteja injinia. Rafiki yangu Roseline amejifungua msichana.

Baba Mdogo, nitajibu bila kuzunguka. Ndiyo, tunaamini Baba wa mbinguni ana mwili, mtukufu, usiokufa. Mwana ana wake. Roho Mtakatifu ni roho. Ni watatu, na ni kitu kimoja kwa nia na kwa upendo. Hilo halikunishtua nilipofundishwa, na nitakuambia kwa nini. Nilikuwa mdogo, tuko Shauri Moyo, umeme umepotea, na wewe ukanisimulia habari za Stefano. Ulisema alipokuwa akipigwa mawe aliona mbingu zimefunguka, na Yesu amesimama mkono wa kuume wa Mungu. Ukachukua vinyago viwili, ukavisimamisha mezani karibu na mshumaa. Ukasema huyu ni Baba, na huyu kando yake ni Mwana. Chumbani hapakuwa na Mormoni hata mmoja siku hiyo.

Kuhusu manabii, nani alitangaza kwamba wamekwisha? Katika Matendo ya Mitume Agabo anatabiri njaa, na Yesu ameshapaa. Kama Mungu aliongea na watu wa wakati ule katika shida zao, sioni kwa nini atunyamazie sisi wa Umoja, na shida tunazo.

Chai haikumkosea Mungu. Tumeambiwa tuiache pamoja na kahawa, pombe na sigara, nasi tumekubali kuwa ni ahadi. Ninyi hamgusi pombe, na sijawahi kukuuliza shayiri ilifanya dhambi gani.

Jambo la mwisho. Nilibatizwa kabla sijajuana na Mulama. Nimesikia unawaambia watu nilifuata suruali. Tafadhali uache.

Binti yako,
Kamene


Wamunyu,
24 Machi 2024

Kwa Kamene,

Tumepokea barua na tumefurahi kuwa u mzima. Wayua anasema hongera kwa Roseline, na anasema jibu la chai halikumtosha. Hapa mbuzi wetu mmoja alikula karatasi ya kwanza niliyoanza kukuandikia, nami sikumlaumu, maana ilikuwa ya hasira.

La suruali nimeliacha.

Tuje kwenye mengine. Yesu mwenyewe alimwambia mwanamke wa kisimani kwamba Mungu ni roho. Na Musa aliambiwa hakuna mtu atakayemwona Mungu akaishi. Hayo unayaweka wapi? Na vile vinyago usinisukumie. Nilikuwa kijana, wewe ulikuwa unaogopa giza, na walikuwa twiga. Mtu hajengi mafundisho juu ya twiga wawili.

Ama manabii, mimi nimekaa Nairobi nikawaona. Kila nguzo ya stima ina nabii wake, amevaa suti nyeupe, anauza mafuta ya kupaka. Mnataka kuongeza mwingine wa nini?

Kwa vile maneno ni mengi, nimepata njia fupi. Mbaluka atakukabidhi kifurushi. Ndani kuna msalaba niliouchonga mwenyewe kwa muhugu mzuri, urefu wa mkono, na sikuupaka kitu, mng'ao wote ni wa mbao. Mpe askofu wenu autundike mbele kanisani. Mkiutundika nitajua ninyi ni Wakristo wenzetu, na mbuzi waje hata kesho. Sidhani kama hilo ni gumu.

Ni mimi,
Ngui


Wamunyu,
12 Mei 2024

Kamene,

Tunasikia mafuriko yamewasumbua huko mjini. Wayua amepiga simu na ameniambia mko salama, namshukuru Mungu. Mimi sipigi, tulikubaliana kuandika.

Mbaluka anasema msalaba alikupa mkononi. Hujasema neno.

Ngui


Umoja,
26 Mei 2024

Kwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Unisamehe kwa kukawia. Ni kweli mvua ilitutesa. Karakana ya Mulama iliingia maji mpaka magotini, akawa anaokoa friji za watu huku viatu vyake vinaelea. Kanisani tulipika na kugawa blanketi kwa waliohamishwa, nami nilimenya viazi mpaka nikaviota. Lakini sitajificha nyuma ya mvua. Nilikawia kwa sababu nilijua utakachosikia kitakuumiza.

Msalaba nilimpelekea Askofu wetu, Okumu. Askofu kwetu si mtu wa joho, Baba Mdogo. Ni karani katika ofisi za reli, hana mshahara wa kanisa, na Jumapili ndiye anayefika mapema kupanga viti. Aliushika muda mrefu, akapitisha kidole kwenye kingo. Akaniambia, "Dada Kamene, mzee wako ana mkono. Lakini msalaba hatuweki kanisani. Sio ati tunaukataa, Yesu alitufia hapo. Ni vile tu tunataka mtu akiingia amfikirie akiwa hai. Mwambie ukweli, usimfiche."

Basi nakuambia. Haukutundikwa.

Ila nina swali, na usikasirike kabla ya kulimaliza. Nilipoufungua nilimtafuta Yesu juu yake, sikumwona. Ulichonga msalaba mtupu. Nakujua, utasema hayuko pale, amefufuka. Sawasawa. Ninyi mlimwondoa yeye msalabani, sisi tukaondoa na mbao. Kati yetu imebaki mbao tu.

Na alipofufuka, alifufuka na nini? Aliwaambia wanafunzi wamshike, kwa sababu roho haina nyama na mifupa, kisha akaomba samaki akala. Mwili ule aliuacha wapi? Sijasoma mahali alipouvua. Kama Yesu ni Mungu, na ninyi mnakubali, basi tayari mna Mungu mwenye mikono. Kusema Mungu ni roho hakunisumbui. Mimi pia nina roho, na bado napanda ngazi kwa miguu.

Ni kweli Musa aliambiwa hawezi kumwona, lakini ukurasa uleule unasema aliongea naye uso kwa uso, kama mtu na rafiki yake. Mimi naona mtu aweza kumwona Mungu akimwezesha, bila hivyo hawezi.

Kuhusu wale wa nguzo za stima, hata mimi wananiudhi. Wa kwetu ni mzee, hauzi mafuta, na anachotuambia mara nyingi ni tusameheane na tusali na watoto. Sikusema nina majibu yote. Kuna mambo ya kanisa langu ambayo bado nayauliza. Lakini nilipopiga magoti Mulama hajulikani hata jina, nilisikia kwamba mtu ananisikiliza. Siwezi kusema sikusikia ili mbuzi wapokelewe.

Msalaba uko mahali pazuri. Tafadhali usiniulize ni wapi.

Binti yako,
Kamene


Wamunyu,
16 Juni 2024

Kwa Kamene,

Salamu. Poleni na mafuriko, na mwambie Mulama anunue gambuti. Kunde tumevuna. Wayua amegombana na binamu yake Mbithe kuhusu gunia, wamepatana, wamegombana tena.

Barua yako nimeisoma mara nyingi na nimekasirika kila mara. Mti ule niliutunza miaka, nikisubiri kazi inayoufaa. Sikumpa mtalii. Niliwapa ninyi, mkaurudisha mlangoni. Askofu wako amesema vizuri, sikatai, lakini maneno mazuri hayatundikwi ukutani. Nimeumia. Mbuzi wasije kwanza.

Halafu, askofu anayepanga viti ni askofu wa namna gani? Ingawa tukisema kweli, Phares sijamwona akibeba hata kigoda.

Darasa la Biblia nimelipumzisha. Ni koo, vumbi la mbao limeniingia. Usijali.

Huyo Agabo yuko sura ya ngapi? Nauliza tu.

Ngui


Umoja,
25 Agosti 2024

Kwa Baba Mdogo mpendwa,

Shikamoo sana. Mbaluka alikaa wiki nyingi bila kuja kwa sababu ya ghasia za mjini, ndiyo maana umenyamaziwa. Mtoto wa Roseline ameanza kucheka. Ghorofa ya juu imekwisha, na sasa mwenye nyumba anatafuta mpangaji asiye na watoto na asiye na nyundo.

Agabo yuko sura ya kumi na moja, na tena ya ishirini na moja. Lakini nadhani ulishampata.

Mbaluka alifika jana. Nilimpa maziwa ya moto na mandazi, nikamuuliza kwa upole koo la mzee linaendeleaje. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Nakuandikia alivyosema, neno kwa neno:

"Koo gani? Zii, Kamene, hujaambiwa? Buda alitibua mkutano. Pasi Phares alisema ati nyinyi mnaabudu malaika, Yesu hamumjui. Buda akasimama, akasema hiyo si ukweli. Pasi akamuuliza, 'Kwani mzee umekuwa Mormoni?' Buda akamwambia, 'Mimi ni mzee wa hili kanisa, na hao watu wamekosea. Lakini hawajakosea vile unavyosema.' Halafu si akatoa twiga wawili kwa gunia, akawasimamisha hapo mbele? Stefano hivi, Stefano vile. Wamama walicheka, wazee wakanuna. Wakamshow apumzike kufundisha mpaka Krismasi."

Baba Mdogo, nililia, kisha nikacheka, kisha nikalia tena, na Mbaluka akamaliza mandazi yote kwa nafasi hiyo.

Darasa lile unalipenda. Umefundisha Biblia tangu nikiwa na meno ya maziwa. Kwa nini hukuniambia? Umekaa unanikemea kwa barua, kumbe huko unasimama peke yako kwa ajili yangu.

Je, umeanza kuamini?

Binti yako,
Kamene

Na twiga walikuwa walewale?


Wamunyu,
8 Septemba 2024

Kwa Kamene, jina la mama yangu,

Sote wazima. Mbaluka ana mdomo mkubwa kuliko lori lake, na nimemwambia hivyo mbele ya mke wake.

Ni kweli yote, ila sikutoa twiga kwenye gunia. Walikuwa mfukoni mwa koti, ni wadogo. Walewale waliuzwa zamani.

Sasa sikiliza, usije ukaanza kuimba. Sijaanza kuja huko kwenu. Naamini Mungu ni roho, manabii wangu ni wale wa kwenye Biblia, na chai ni baraka. Katika hayo mmepotea, na nitakuambia hivyo mpaka nizikwe. Lakini Phares aliposema hammjui Yesu, nilimwona mtoto aliyekaa mapajani mwangu akisoma Zaburi kwa kidole. Mimi ndiye niliyekufundisha kusali. Anayesema humjui Yesu amesema sikufanya kazi yangu. Kukukosoa ni kazi yangu, na nataka kuifanya kwa haki. Mtu akitaka kuwapinga awapinge kwa yale mnayoamini, si kwa yale aliyoyatunga njiani.

Sikukuambia kwa sababu nilijua utauliza hilo hilo ulilouliza.

Na mdomo wa Mbaluka unafanya kazi pande zote mbili. Aliponiletea barua yako alinieleza aliyoyaona kwako alipokuwa akila mandazi. Msalaba wangu uko sebuleni, juu ya mlango. Umeupangusa vumbi. Na umepinda kushoto. Mwambie Mulama kwamba mtu anayeweka friji sawa sakafuni anatakiwa kujua msumari unapigwa wapi. Mbona ulinificha miezi yote hii? Mimi niliulalia njaa nikidhani uko chini ya kitanda pamoja na viatu.

Mbuzi waje Jumamosi ya kwanza ya Oktoba. Watatu, na beberu awe beberu kweli, asije na aibu. Phares amesema hataweza kufika, ana safari, kwa hiyo maombi nitaomba mimi. Askofu wenu akitaka kuja aje, nataka kumwona mtu wa namna hiyo. Wayua anauliza atawapa nini watu wasiokunywa chai. Nimemwambia achemshe maziwa na tangawizi na sukari, na majani ayasahau. Anasema hiyo ni chai iliyofiwa.

Ni mimi baba yako,
Ngui


Umoja,
13 Oktoba 2024

Kwa Baba Mdogo na Mama Mdogo,

Shikamooni. Tulifika salama, na wazee wa Mulama walilala njia nzima kwa shibe. Wanasema Wakamba wanajua nyama. Mwambie mama mdogo kwamba maziwa yake yameombwa mpaka huku, na kwamba shangazi yake Mulama, ambaye si wa kanisa letu na hunywa chai kutwa, alikunywa vikombe vingi bila kujua kuna aliyefiwa.

Nilikuona ukimtazama Askofu Okumu akishusha viti kwenye lori la Mbaluka kabla hajaonyeshwa pa kukaa. Ulienda tu ukashika kiti upande wa pili.

Uliniuliza kwa nini nilificha. Ni sababu yako hiyo hiyo. Niliutundika wiki ile ile Mbaluka alipouleta, lakini nilijua ukisikia utasema nimeanza kurudi. Sijaanza kurudi. Wageni wa kanisani wakiuliza nawaambia hii ni kazi ya baba yangu, na ndiye aliyenifundisha kusali. Hakuna aliyewahi kuniambia niushushe. Mulama ameunyoosha, na sasa umepinda kulia. Njoo na timazi yako.

Kulikuwa na jambo moja sikuweza kukuambia pale, watu walikuwa wengi na macho yangu hayakuwa sawa. Ulipotusimamisha tuombewe, niliogopa. Nilidhani utaleta hoja ndani ya maombi, maana nakujua. Ukainua mikono juu yetu, na mimi, Mungu anisamehe, sikufumba macho. Niliviona vidole vyako, pamoja na kile kifupi kilichokatwa na tezo. Ukasema, "Baba, kama una mikono, kama anavyosema mtoto huyu, washike hawa wawili. Na kama huna, wewe mwenyewe unajua utakavyowashika."

Nilisema amina kabla hujamaliza.

Binti yako,
Kamene